Mtani Haombwi Risiti

Siku nilipomweleza mama yangu kwamba nimepata kazi mpya, Meneja wa Kuzuia Upotevu, aliendelea kuchambua majani ya maboga, kisha akauliza, "Sasa nyie huko dukani mnapotelea wapi?" Nikamwambia si sisi tunaopotea, ni bidhaa. Akataka kujua kama bidhaa zina miguu. Nikasema hazina, ndiyo maana nimeajiriwa. Akatikisa kichwa, akasema mshahara ni mshahara, niende tu nikazitafute.

Majirani zangu wa Ilembo hawakuwa na subira ya mama. Walikikata cheo changu wakabakiza neno moja, wakaniita Mama Upotevu. Kuku wa mtu asipoonekana bandani, natumiwa ujumbe kwamba kuna kazi yangu imetokea. Mume wangu ndiye aliyezidi. Akikosa soksi asubuhi husimama katikati ya chumba na kutangaza kwamba idara yangu imezembea. Mwanzoni nilikasirika. Hasira zangu ni za karibu, huja mbio na kuondoka mbio, na mara nyingi zinapofika hunikuta nimeshaanza kucheka.

Kabla ya hapo nilikuwa mtunza stoo kwenye mashine ya kukoboa mpunga kule Majimoto. Huko upotevu ulikuwa jambo la kawaida lisilomvunjia mtu heshima. Ulikuwa panya, au mvua iliyopenya kwenye bati lililotoboka, na sijawahi kusikia mtu akimhoji panya. Supamaketi ya Mpanda ilikuwa habari nyingine. Mteja anachukua mwenyewe kwenye shelfu, anasukuma troli, na juu ya kila kona kuna kamera inayomtazama. Mimi nilikuwa na chumba kidogo chenye runinga iliyogawanyika vipande vipande, na kazi yangu ilikuwa kutazama mikono ya watu.

Niliona mengi. Mama mmoja aliyekuja kutoka Kibaoni alitoboa mfuko wa mchele kwa ukucha, akatoa punje chache, akazing'ata kwa meno ya mbele, akatema, akasema huu ni wa mwaka jana. Akasogea kwenye mfuko wa pili. Nilipomfuata kumwambia kwamba hairuhusiwi, aliniuliza kwa upole, "Sasa mwanangu, nitaujuaje?" Nikamwachia mfuko, maana mimi mwenyewe sinunui mchele bila kuung'ata. Bwana mwingine alikunywa soda huku akizunguka dukani, alipomaliza akairudisha chupa tupu mahali pake, kaigeuza vizuri nembo ikatazama mbele. Hao hawakuwa wezi. Walikuwa watu wa sokoni walioingia kwenye nyumba isiyo na muuzaji wa kubishana naye, na kila mmoja alifanya alivyozoea.

Mlangoni tulikuwa na mlinzi mwanamke, Msukuma, mrefu kiasi kwamba wateja wafupi walizungumza na vifungo vya sare yake. Familia yake ilishuka na ng'ombe kutoka kaskazini akiwa bado mtoto. Alipoolewa, mumewe naye akawaswaga ng'ombe kuelekea mbali zaidi kutafuta malisho, akasema atarudi, na hadi leo hajarudi, yeye wala ng'ombe. Mlinzi akaja mjini na binti yake, akapanga chumba Ilembo, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mshahara wake wa mlangoni ndio uliokuwa unamsomesha yule binti sekondari. Hakuwa na shamba la kurudia wala kaka wa kumkimbilia. Kazi yake ilikuwa kuangalia risiti ya kila anayetoka, na aliifanya huku akicheka na watu. Kicheko chake kilifika hadi nyuma kwenye mafriza.

Ng'ambo ya barabara, kwenye baraza la duka la vitambaa, alikaa fundi cherehani. Mzee wa Kinyamwezi, kofia ya kufuma kichwani, miwani imefungwa kwa uzi mweusi upande mmoja. Nilipompelekea sketi yangu ya kazi aipunguze kiuno, akaniuliza kwetu ni wapi. Nikasema Sumbawanga. Aliweka mkasi chini.

"Mfipa," alisema, kwa furaha ambayo sikuitegemea. "Na umekuja mchana mchana hivi? Ungo umeuegesha wapi?"

"Ungo nimeuacha nyumbani," nikamjibu. "Nilisikia huku kuna Mnyamwezi, nikajua mtu wa kunibebea mizigo yupo, sina haja ya usafiri."

Alicheka mpaka akavua miwani. Tangu hapo tulikuwa tumeshajuana, na hapakuwa na haja ya kuulizana jina.

Aliyelelewa mbali na utani wa makabila huenda akadhani tulitukanana, mmoja kaitwa mchawi wa kuruka na ungo, mwingine mpagazi. Mtani anakutukana mbele za watu na wewe huna ruhusa ya kununa. Anaweza kuingia kwako akabeba sufuria na mboga ikiwa ndani. Ukitaka utaikomboa, usipotaka utangoja zamu yako ukabebe cha kwake. Ukinuna umeshindwa, na faini yake ni kuku. Siku ya msiba ndiye anayevaa koti la marehemu na kutembea kama marehemu, mpaka wafiwa wanacheka machozi hayajakauka. Mwalimu wetu wa mafunzo ya upotevu, aliyekuja kwa ndege akaondoka kwa ndege, hakugusia jambo hili hata kidogo.

Basi siku moja fundi akavuka barabara, akaingia dukani, akachukua pakiti ya majani ya chai. Akatafuta kamera ilipo, akainyanyulia ile pakiti vizuri ionekane. "Mali ya Mfipa ni mali yangu," akasema. Akatoka. Mlinzi alikuwa ameshika tumbo kwa kucheka. Mimi nilikimbia kutoka chumbani kwangu, nikafika mlangoni nimechelewa, nikasimama nikicheka na wenzangu. Halafu nikaenda kaunta nikayalipia yale majani. Jioni nilipita kwake, nikamvua kofia kichwani na kuondoka nayo, nikaivaa njia nzima hadi Ilembo. Aliikomboa kesho yake kwa kunirekebishia pindo la gauni.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Alichukua sabuni, alichukua kiberiti, safari moja alichukua kopo la mafuta ya kujipaka, akasema Wafipa ngozi zetu hazina shukrani, yatatufaa nini. Kila mara nililipia, na kila mara nilikwenda kumnyang'anya kitu. Sijui kama niliwahi kuwa na kazi niliyoipenda kama ile ya miezi hiyo. Nilikuwa natoka nyumbani asubuhi nikitunga tusi la kumpelekea, na nikipata zuri natembea haraka.

Yule mlinzi hakuwa kwenye mchezo huu. Wasukuma na Wanyamwezi nao hutaniana, ila wawili hawa walishafuatilia koo zao, wakakuta kwamba mzee anaangukia upande wa baba yake mlinzi kupitia kwa bibi fulani wa zamani. Tangu siku hiyo akawa baba. Mzee naye alimwita mlinzi mwanangu, na sare za shule za yule binti alizishona yeye na kukataa malipo. Baba hataniwi. Mlinzi alicheka alipotutazama sisi, lakini yeye na fundi waliongea taratibu, macho chini.

Tatizo la utani ni kwamba unaambukiza. Wateja waliokuwa wanamwona fundi akipita na majani ya chai wakaanza kufikiria nao wana watani dukani. Keshia mmoja alikuwa Mkonongo, mwingine Mha, kijana wa bucha sikumbuki. Watu wakawa wanauliza makabila kabla ya kuuliza bei. Mwendesha bodaboda aliingia, akamwuliza keshia kwao ni wapi, akasema, "Ahaa, mtani," akatoka na soda. Akaja mwingine aliyedai yeye ni mtani wa duka lenyewe. Nilimwuliza duka ni kabila gani. Akasema nimwache afikirie. Alikuwa ameshafungua biskuti.

Hao sikuwalipia. Ningeweza wapi? Tulipohesabu bidhaa mwisho wa mwezi, shelfu zilikuwa na mapengo ambayo panya wa Majimoto wasingeyaweza.

Tajiri wetu alikuwa anaishi Dar es Salaam, lakini kamera aliziweka kwenye simu yake, na nadhani alizitazama kama wengine wanavyotazama mpira. Alinipigia nikiwa nakula.

"Yule mzee wa kofia ni nani?"

"Ni fundi wa jirani, bosi. Ni mtani wangu."

"Anatoka na vitu, mlinzi anacheka."

Nikamweleza kwamba vitu vya mzee navilipia mwenyewe, risiti zote ninazo. Alinisikiliza mpaka mwisho, sitamsingizia. Kisha akasema, "Dada, kamera haioni mfuko wako. Inaona mtu anatoka bila kulipa na mlinzi anamcheka. Na wateja wanaona hivyo hivyo, ndiyo maana wote wamekuwa watani zenu. Mimi natoka Kilimanjaro, nina watani wengi tu. Wakija dukani kwangu wanapanga foleni."

Alikuwa anasema kweli, na hilo liliniudhi zaidi. Akaendelea. Mlango una mwenyewe, naye ni mlinzi. Siku atakayomwona tena yule mzee akipita mlangoni na kitu kisicho na risiti, mlinzi atavua sare siku hiyo hiyo na mimi ndiye nitakayemwambia. "Mzaha mzaha hutumbua usaha," akamalizia, akakata simu.

Nikaona jambo hili ni jepesi. Nitavuka barabara, nitamweleza mzee, mzee ana akili, yamekwisha. Nikavuka.

"Baba," nilianza, kwa sauti niliyodhani ni ya kikazi.

"Leo naitwa baba," akawaambia wateja wake waliokuwa wanasubiri suruali. "Mfipa akikuita baba, angalia mfuko."

"Nasema kweli. Tajiri ametuona kwenye kamera. Ukichukua kitu tena mlinzi atafukuzwa kazi."

Alinitazama juu ya miwani kwa heshima ya msanii anayemtazama msanii mwenzake. "Hii nzuri," akasema. "Hii umeitunga usiku kucha. Uchawi umeshindikana, sasa unamtumia mwanangu kunitisha."

"Nitakupeleka polisi."

Wenye suruali wakapiga makofi. Mzee akafuta machozi kwa kipande cha bitana. Hapo ndipo nilipoelewa nimeingia wapi. Kila neno la kweli nililokuwa nalo tulikuwa tumeshalitumia kwa kucheka. Nilishamwambia nitamfunga, nilishamwambia nitamloga, nilishamwambia anaharibu kazi yangu. Yote alikuwa ameyasikia na kuyajibu vizuri. Mimi na yeye hatukuwa na lugha ya kuongea jambo zito, hatukuwahi kuihitaji.

Kesho yake nilirudi na uso mkavu. Nilisimama mbele ya cherehani bila kutabasamu, nikamweleza upya, neno kwa neno, kuhusu chumba cha Ilembo, kuhusu ada ya binti. Alinisikiliza huku akishona. Nilipofika mwisho akauliza kama nimekula kitu kibaya. Nikapandwa na hasira, zile za karibu. Nikapiga meza yake kwa kiganja, chaki zikaruka. Nikasema yeye ni mzee mpumbavu asiyesikia.

Fundi akainua kidole.

"Amenuna," akasema polepole. "Mmeona wenyewe. Mfipa amenuna."

Nilitozwa kuku. Waliokuwepo wote walikuwa mashahidi, na mmoja alijitolea kunisindikiza sokoni nisije nikatoroka. Nilimnunua jogoo mwekundu mwenye kelele, nikamkabidhi mbele ya watu, na nikarudi kazini nikiwa na manyoya kwenye sare. Mume wangu aliposikia alicheka mpaka nikaona huruma kumkatisha. Akasema katika historia ya kuzuia upotevu hajasikia aliyekwenda kuzuia akaongeza kuku.

Ilibaki njia moja. Mlinzi ndiye mtu pekee ambaye fundi asingeweza kumchukulia kwa utani. Nilimwita kwenye chumba changu cha runinga, nikamweleza yote aliyosema tajiri. Hakushtuka. Alikuwa ameshalihisi.

"Mwambie wewe," nikamsihi. "Mimi ananicheka."

"Siwezi, dada."

"Huwezi au hutaki?"

"Nitamwambiaje baba aache kucheka?" Alikuwa anakunja na kukunjua mkanda wa redio yake ya ulinzi. "Yule amemvalisha mtoto wangu. Nikamkalishe nimwambie unaninyima ugali? Hapana. Hilo hata mwenyewe nikilisikia linatoka mdomoni mwangu nitaona aibu."

"Na ukifukuzwa?"

"Nitakuwa nimefukuzwa," akasema. Halafu akaukunja tena ule mkanda, na nikaona kwamba alikuwa anaogopa sana. Nilimwambia tutaona, kama wanavyosema mameneja wasiojua la kufanya.

Siku chache mzee hakutokea. Nadhani alikuwa anashughulika na jogoo. Nikaanza kupata matumaini kwamba ameshiba na mchezo umekwisha wenyewe.

Jumapili, misa ilipotoka, duka lilijaa. Akina mama wa kwaya walikuwa bado na vitenge vyao vya sare, watoto wanalilia aiskrimu, na mzee wangu akaingia katikati yao amevaa koti. Nilimwona kwenye runinga. Hakuangalia majani ya chai wala sabuni. Alikwenda moja kwa moja kwenye vyombo vya plastiki, akachagua ungo mkubwa wa rangi ya bluu, akaukagua juu na chini kama fundi wa ndege. Kisha akaunyanyua mbele ya kamera kwa mikono yote miwili.

"Wapendwa," akawatangazia wanakwaya, "nimekamata usafiri wa Mfipa. Leo atarudi kwao kwa mguu."

Duka lilipasuka kwa kicheko. Hata mimi nilicheka, peke yangu, mbele ya runinga. Ulikuwa utani mzuri kuliko wote aliowahi kuufanya, na kwa sekunde chache sikukumbuka chochote isipokuwa jinsi ulivyokuwa mzuri. Kisha nikakumbuka nikatoka mbio.

Alikuwa anaelekea mlangoni, ungo kichwani, akiyumba kidogo kuigiza upepo. Wanakwaya walikuwa nyuma yake wanampigia vigelegele. Nilimpigia kelele asimame. Akanipungia mkono bila kugeuka, na watu wakazidi kucheka.

Mlinzi alikuwa mlangoni. Hakucheka. Alimtazama akija, akaweka redio yake sakafuni, akapiga magoti. Aliyapiga yote mawili, katikati ya mlango, kama binti wa Kisukuma anavyomwamkia baba yake nyumbani, kichwa chini, mikono imekutanishwa. Alikuwa mrefu hata akiwa amepiga magoti, na mlango wote ukaziba.

"Baba," akasema, "naomba risiti."

Mzee alisimama. Ungo ulibaki kichwani. Vigelegele viliendelea kidogo nyuma kwa wale waliokuwa hawajaona, halafu navyo vikakatika.

"Inuka, mwanangu," akasema kwa sauti ya chini.

"Siwezi, baba. Naomba risiti."

Aligeuka akanitafuta. Nilikuwa nimeshafika, nimesimama karibu na kaunta, na nilijua anachokitafuta usoni kwangu. Alitafuta ile pembe ya mdomo ambayo kila siku ilinisaliti. Kama angeiona tu, ingekuwa bado ni utani, na sote tungetoka salama. Sikuwa nayo. Hapo akaelewa kwamba niliyomwambia barazani kwake, ya chumba na ya ada, yote yalikuwa kweli.

Aliushusha ungo. Akaurudisha kwenye vyombo vya plastiki akitembea taratibu, na watu wakampisha njia bila kuambiwa. Akarudi mlangoni mikono mitupu. Akamshika mlinzi kwenye viwiko, akamwinua, akampangusa vumbi la magotini kwa kofia yake. Kisha akatoka akavuka barabara. Mlinzi akaokota redio yake akaendelea kuangalia risiti za wanakwaya, moja baada ya nyingine, machozi yanamtoka, na hakuna mama hata mmoja aliyejifanya ameyaona.

Tajiri alikuwa anatazama. Jioni alinitumia picha ya dole gumba, na chini yake maneno mawili: kazi nzuri. Mlinzi alibaki na sare yake. Binti yupo shuleni hadi leo. Watani wa duka walipotea wote kwa pamoja. Habari ya yale magoti ilifika kila mahali, na hapakuwa na mtu aliyetaka kupigiwa ya pili. Hesabu ya mwezi uliofuata ilikaa vizuri kiasi kwamba niliombwa niyaeleze matawi mengine nilifanyaje. Niliandika kwamba tuliimarisha udhibiti wa mlango.

Lakini barabarani pakawa kimya. Nilipita barazani asubuhi, mzee akawa ameinamia kitambaa. Nilipita jioni, hivyo hivyo. Nilikuwa na matusi mapya matatu, yote mazuri, na sikuwa na pa kuyapeleka. Nilimkosa kuliko nilivyotarajia. Nikajiambia ni aibu tu, itapita, mwanzo lazima uanze kwangu.

Basi nikachagua siku barazani hapana wateja. Nikavuka, nikafika nyuma yake, nikamvuta futi ya kupimia iliyoning'inia shingoni, nikaifungia kwenye mkono wangu. Nikasimama kusubiri.

"Chukua tu, mama," akasema. "Ninayo nyingine kwenye droo."

"We Mnyamwezi, unaumwa?"

"Namshukuru Mungu, mzima."

Aliinuka, akachukua kitambaa, akapangusa kigoda cha wateja, kile ambacho siku zote alisema Mfipa akikikalia kitashika moto. Akanisogezea. "Karibu ukae, meneja."

Sikukaa. Nilimwambia yamekwisha, mlinzi yupo kazini, mtoto yupo shule, hakuna aliyepoteza kitu. Alinisikiliza vizuri. Ndilo lililoniuma, jinsi alivyokuwa ananisikiliza sasa.

"Uliniambia," akasema. "Ukarudi ukaniambia tena, na mimi nikala kuku wako. Mwanangu akapiga magoti kwenye sakafu mbele ya kanisa zima kuniomba ugali wake, kwa sababu mimi nilikuwa nacheka na wewe." Alinyoosha kitambaa kilichokuwa kwenye cherehani, kilikuwa kimeshanyooka. "Wewe hukukosa. Ulifanya kazi yako. Nakushukuru."

"Basi nitukane," nikasema. Nilitaka litoke kwa mzaha, likatoka kama ombi. "Hata moja tu. La ungo."

Akatabasamu. Lilikuwa tabasamu zuri, lile analowapa wateja wote. Akaniuliza kama nina nguo ya kushona.

Sikuwa nayo. Nikaifungua ile futi mkononi, nikaiweka juu ya meza. Mtani humwamkii. Mtani unamwanza kwa tusi na unaagana naye kwa tusi, na sisi tangu tujuane hatukuwahi kufanya vingine. Sikujua niondokeje. Nikafanya ninavyowafanyia wazee wengine wote wa Mpanda, nikainamisha kichwa, nikasema shikamoo.

Akaitikia marahaba.